Nilipima ufa wa paipu na klampu zangu kijijini Pemba ili nisafishe jina langu, yaliyonikuta ni haya

Wakuu humu ndani, asalam aleikum. Wale wa shikamoo nimeshaipokea kabla hamjaitoa.

Mie ni mzee wa Pemba, fundi chuma, elimu yangu darasa la tatu na kidogo. Naandika kwa kidole kimoja, herufi zikipandana mnistahamilie. Haya yalinipata mwenyewe. Pale nisipopakumbuka nitasema sipakumbuki, sitapajaza maneno.

Nianzie mbali kidogo.

Nilipokuwa mdogo, miaka ile baada ya Mapinduzi, nguo zilikuwa za foleni. Siku moja mama na jirani yetu Bi Mize walisimama dukani tangu alfajiri, wakapata doti moja ya khanga kwa watu wawili. Ya zambarau, naiona mpaka sasa.

Kufika nyumbani wanataka kuigawa kati, mkasi hakuna. Mkasi wa mtaa mzima alikuwa nao fundi cherehani, na yeye kaenda mazikoni Wete.

Basi wakashika, huyu huku na yule kule, wakavuta. Khanga haikuachana. Wakavuta mpaka Bi Mize akaenda chini kwa matako, akaanza kusema mama anavutia kwake.

"Unataka upande mkubwa weye!"

"Mkubwa wa nini, na wewe ndo uloanguka nao?"

Ikawa maneno.

Bibi yangu alikuwa pembeni anachagua mchele. Akaichukua khanga, akaikunja kati, akaing'ata pindoni kwa yale meno mawili aliyobaki nayo. Kakato kadogo, kama ka kucha. Kisha akashika kwa vidole tu, wala hakukaza mkono. Chrrrr, mpaka mwisho.

Mama na Bi Mize hawakusemeshana wiki nzima, lakini hiyo habari nyengine.

Sikuiwaza khanga ile zaidi ya miaka ishirini. Nilikuja kuiwaza baada ya paipu yetu ya maji kupasuka, na hapo ndipo uzi wangu unapoanza.

Kijiji sikitaji. Wahusika wengine wangali hai na wajukuu zao wamo humu wanasoma.

Tulipata mradi wa maji. Tangi juu ya kilima, paipu zishuke mpaka kwenye mabomba ya kijiji. Paipu zile za plastiki ngumu ya kijivu, PVC wanaiita. Zililetwa na lori moja, siku moja. Lishikeni hilo.

Pahala pamoja paipu ilipita juu ya bonde, kwa hiyo ilibidi ikae juu ya nguzo. Kwenye nguzo ikashikwa kwa klampu za chuma, na klampu zile nilizifua mie kwa mkono wangu. Nilizipenda kama watoto. Mke wangu, Bi Time, alinambia ningezivalisha kofia kama zingekuwa na kichwa.

Sasa paipu zilipokuja zilitiwa kwenye ghala la kijiji. Zikakaa vizuri. Halafu ukaingia msimu wa karafuu.

Asiyekuwa wa Pemba nimueleze kidogo. Msimu wa karafuu ukiwa mkubwa, hakuna jambo jengine duniani. Harusi inangoja. Kesi inangoja. Mgonjwa akiweza kungoja naye anangojeshwa. Ghala linatakiwa kwa magunia, majamvi yanatandikwa kila penye jua, na watu wote wanaomba kitu kimoja tu, jua. Mvua ikinyesha unasikia nyumba nzima inapiga mbio kukusanya.

Kwa hiyo kamati ikasema paipu zitoke, karafuu ziingie. Tukazitoa, watu wa kamati sote, tukazipanga fungu moja kubwa uwanjani. Mie nilikuwa mwanakamati, na paipu ya kwanza nilishika ncha mie.

Hakuna aliyefikiri kulifunika fungu lile. Nani atalikimbiza jua msimu wa karafuu? Jua lilikuwa neema. Zikakaa pale msimu ule, na msimu ulofuata, maana mradi ulichelewa.

Haya. Siku ya kufungua maji kijiji kizima kilikuja na ndoo. Sheha wetu, Mzee Faki, akasoma dua. Maji yakafunguliwa kilimani. Tukayasikia yanakuja ndani ya paipu yanaguruma.

Yalipofika nguzo ya tatu, pah! Kama bunduki. Paipu ikapasuka mkato mrefu na maji yakaruka juu. Tulipoangalia, klampu ya nguzo ile nayo imefunguka, ina ufa kwenye kona.

Watu hawakuiangalia paipu. Waliniangalia mie.

"Fundi Hamadi," akasema Sheha, nguo zote zimemlowa, "klampu yako imeing'ata paipu yetu."

Katibu wa kamati alikuwa Kombo. Huyu tulikua pamoja, ana ulimi kama upupu. Akadakia, "Alisema atazifua zishike barabara. Zimeshika, yakhe, mpaka zimeua."

Watu wakacheka. Wakachukua ndoo zao kavu, wakarudi kwao.

Wiki ile nikarudi nyumbani nikamkuta Bi Time kakaa kizingitini. Akanambia, "Leo kaja mtu kuchukua jembe lake. Nkamwambia bado halijaguswa. Kasema ndo kheri, atalipeleka Chake."

Siku ya pili wakaja wawili. Hapo nikaelewa. Fundi wa kijiji hana cheti ukutani, ana jina tu, na jina langu lilikuwa linatolewa nje kwa majembe.

Nikasema sitokaa nikangoja. Kama klampu yangu mbovu, niambiwe na klampu yenyewe, siyo Kombo.

Nikasikia kuna binti wa Kisiwa Panza, Saada, kasomea nje mambo ya kuvunjika kwa vyuma na plastiki, anafanya kazi Unguja na yupo Chake kwa dada yake. Nikamfuata. Nilibeba klampu iliyopasuka na kipande cha paipu ndani ya pakacha, watu njiani wakidhani napeleka samaki.

Nikamuuliza, "Mwanangu, kweli kuna elimu ya kuvunja vitu?"

"Ipo, ami."

"Watoto wangu mie wanayo na hawajafika hata skuli."

Akacheka sana. Kisha akavichukua vile vitu, akaviangalia kwa lenzi, akivigeuza huku na huku, kama mganga.

Mie nikaanza kujitetea. Nikamwambia chuma changu kigumu, nimekipiga mwenyewe.

"Ami, ugumu ni jambo moja, kuustahamili ufa ni jambo jengine. Tupa yako ya kunolea ni ngumu kuliko klampu hii. Iangushe sakafuni uone."

Kweli. Tupa nishavunja ngapi! Akaendelea, "Kitu kizima kinaweza kubeba mzigo mkubwa kabisa. Swali langu mie ni hili, kikishapata kakato kadogo, utatumia kazi kiasi gani mpaka kakato kale kaendelee?"

Wakuu, palepale nikamuona bibi yangu na khanga ya zambarau mdomoni. Nikamsimulia Saada. Akaniambia bibi yako alikuwa na digrii, hakuvaa joho tu.

Akaenda Unguja, na baada ya muda, siukumbuki, akarudi na kamashine. Ka mkono, ukubwa wa cherehani, kana skrubu ya kuzungusha na saa mbili zenye mishale. Saa moja inaonesha unasukuma kwa nguvu gani, ya pili inaonesha kipande kimebonyea kiasi gani. Kipande unakilaza juu ya vigingi viwili, ufa uwe chini, skrubu inakibonyeza kati kutoka juu.

Tulikaweka ghalani, maana msimu ulikuwa umepita na meza ilikuwepo.

Tukaanza na chuma. Nikakata vipande sita kutoka kwenye klampu zangu nyengine, vyote sawa, nikatia mkato kwa msumeno.

Saada akasema bado. "Mkato wa msumeno mdomo wake butu. Ufa wa kweli una ncha. Ufa butu utakudanganya kwamba chuma chako kizuri kuliko kilivyo."

Mie nilikuwa tayari kudanganywa, nasema kweli yangu. Lakini yeye hakutaka.

Namna ya kupata ncha ni kukitikisa kipande kidogo kidogo, mara nyingi sana, mpaka mwisho wa mkato uanze ufa kama unywele. Hatuna umeme. Nikafungua baiskeli yangu mbovu, nikachukua pedali na mnyororo, nikazifunga kwenye benchi ziwe zinapiga kijiti na kijiti kinatikisa chuma. Nikakaa nikaendesha.

Kombo akapita mlangoni. "Fundi, unakwenda wapi na baiskeli isiyo magurudumu?"

"Naikimbia midomo yako."

"Basi kanyaga, yakhe, bado nakuona!"

Niliendesha asubuhi nzima kwa kipande kimoja. Vipande sita, hesabuni wenyewe magoti yangu.

Sasa hapa ndipo penye utamu wake, na wasomi mlomo humu mnisahihishe. Chuma laini hakivunjiki pah. Ncha ya ufa kwanza inafunguka, inakuwa duara kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Halafu ndo inaanza kuchanika, polepole, huku chuma chenyewe kinavutana nawe. Sasa utajuaje ufa umeingia ndani kiasi gani, na kipande bado kimeshikana?

Kipande cha kwanza tulikibonyeza kidogo tukaacha. Cha pili zaidi, cha tatu zaidi, hivyo hivyo mpaka sita. Kisha Saada akasema tuvitie moto. Mie nikamuuliza moto wa kiasi gani, akaanza kutafuta maneno, anataka kipimajoto. Nikamwambia, mwanangu, nitajie rangi. Akasema buluu.

Buluu! Kazi ya baba yangu na babu yangu. Nikavipasha mpaka vikapita rangi ya majani makavu, vikapita zambarau, vikaingia buluu, nikavitoa. Kisha nikarudi kwenye baiskeli nikavitikisa tena mpaka vikakatika kabisa.

Tukafungua ndani. Paliposhachanika kabla ya moto pana buluu, palipokatika baadaye panameta. Unaupima ufa kwa rula kama unapima kitambaa. Saada akasema hajapata kuona buluu iliyolingana namna ile. Nikajitia kutafuta koleo.

Kila kipande alikichorea kilima kwenye karatasi ya miraba, nguvu ikipanda huku, kubonyea kukienda kule. Halafu anahesabu miraba iliyo chini ya kilima. Miraba ile ndo kazi yote uliyotumia. Anaigawa kwa ile nyama iliyokuwa imebaki mbele ya ufa, na ana hesabu yake ya kuzidisha mara mbili ambayo nilimuuliza kwa nini, akanieleza, sikufahamu.

Chuma changu kikatoka kizuri. Kinachanika kwa taabu. Akanionesha na ile klampu ya nguzo ya tatu, ufa wake umekunjuka, mdomo wazi. Akasema hii ilivutwa baada ya paipu kupasuka na kuruka. Haikuanza.

Nilitaka nitoke niende msikitini nikatangaze. Akanizuia. "Ami, tumejua nini siyo. Bado hatujajua nini ndiyo."

Tukaenda kwenye paipu. Zilikuwepo zilizobaki uwanjani kwenye fungu lile lile. Nikakata vipande kutoka paipu za juu, za jua, na kutoka za chini kabisa, zilizofichwa na wenzao. Plastiki haina haja ya baiskeli, alhamdulillahi. Unakata, kisha unapitisha wembe mpya mwisho wa mkato, mara moja, mkono mwepesi, kwenye upande wa nje wa paipu.

Saada akavichukua vipande vyote, akaviandika namba, akavichanganya. Hakunambia kipi cha juu na kipi cha chini.

"Huniamini?"

"Nakuamini, ami. Lakini unataka jibu, na mkono unaotaka jibu unazungusha skrubu vyengine."

Iliniuma. Kisha nikasema sawa, mie mwenyewe mkono wangu siuamini.

Nikazungusha. Kipande cha kwanza, saa ya nguvu inapanda, inapanda, halafu kwenye ncha ya ufa pakageuka peupe kama kovu. Ikaanza kuchanika taratibu, nguvu inashuka kidogo kidogo. Kilima kipana.

Cha pili, tak! Kama biskuti. Hakuna weupe, hakuna kovu. Kilima kimesimama kama kidole kikaanguka. Miraba chini yake ya kuhesabu kwa mkono mmoja.

Tulimaliza vyote. Alipofungua namba zake, vya biskuti vilikuwa vya juu, kila kimoja. Vyenye kovu vilikuwa vya chini. Na kile kipande cha paipu iliyopasuka, nilichokibeba kwenye pakacha, nacho ufa wake haukuwa na weupe.

Akaniambia, "Ngozi ya nje imeungua kwa jua. Ufa ukianzia kwenye ngozi iliyoungua unapata mbio, huko ndani hakuna wa kuuzuia. Kijiwe tu kinatosha kuuanzisha, au mkwaruzo wa kuburuta."

Basi jibu likawa hilo. Paipu za lori moja, za siku moja. Zilizopata kivuli nzima, zilizopata jua mbovu. Na jua hilo tulizipa sisi.

Saada aliondoka kesho yake. Aliniachia karatasi na vilima vyote, kaandika chini kwa Kiswahili chepesi ili mtu kama mie asome. Akasema, "Karatasi yako hii, ami. Ukiisoma, isome yote."

Kabla sijaingia kwenye kikao cha kamati nilipoisoma karatasi ile, niseme somo langu, maana mwisho wake hauna somo, una mlango tu.

Nilichojifunza, kitu hakipimwi kikiwa kizima. Kipime kikiwa na mkato. Na ukipima kwa ajili ya kushinda, mpe mwengine aandike namba. Kama una paipu za plastiki nje ya nyumba yako hivi sasa unaposoma, nenda kazifunike, urudi.

Walio wahandisi humu, nielezeni ile mara mbili inatoka wapi, nitafurahi kabla sijafa. Na wewe uliyewahi kupata ukweli mkononi ukaona unamchoma na mwenye mkono, tuandikie hapo chini ulifanya nini. Atakayeniuliza maji yalikuja lini, yalikuja, baadaye, kwa paipu nyengine, na siku ya kuyafungua sikuwepo.

Haya, kikao.

Tulikaa ghalani, wanakamati wote. Nikaisoma karatasi, nikionesha kwa kidole. Klampu nzima. Paipu za chini nzima. Za juu zimeungua. Watu wakaangaliana.

Sheha akakohoa. "Fundi, tumekuelewa, na jina lako limesafika. Tunamshukuru Mungu. Sasa iliyobaki ni kuandika paipu zimekuja mbovu kutoka kiwandani. Tutaletewa nyengine. Wewe ndo ulopima, tia sahihi tu."

Wakuu, sitawaficha. Niliitaka sahihi ile. Watu wangu wangepata maji, jina langu lingerudi, na kiwanda hakinijui. Nilishika kalamu.

Lakini kwenye karatasi vile vipande vya kovu vilikuwepo. Vimetoka lori lile lile. Nikisema kiwanda, basi buluu yangu nayo uongo, na baiskeli, na kila kitu.

Nikasema, "Mzee Faki, za chini nzima. Hazikuja mbovu. Zimeungulia hapo uwanjani, tulipozitoa kwa ajili ya karafuu."

"Nani alizitoa?" akauliza Kombo, kalamu juu ya kitabu cha kamati.

"Sisi. Ya kwanza nilishika ncha mie."

Kombo akaandika. Aliandika muda, wakati mie nilisema maneno machache tu. Nikamwambia asome. Akasoma.

"Fundi Hamadi amekiri kuzitoa paipu za mradi ghalani na kuziweka juani."

Mle ndani watu saba, wote walizibeba paipu zile. Mmoja alikuwa na kovu mguuni alilolipata siku ile ile ya kubeba, akauvutia mguu chini ya benchi.

"Andika sote," nikasema.

"Sote ni nani, yakhe? Kitabu hakiandiki sote. Kinaandika jina."

"Andika majina basi. Anza na lako. Ncha ya pili ulishika weye."

Akacheka, lakini safari hii alicheka peke yake.

Sheha akaweka mkono juu ya kitabu, kwa upole kabisa, mtu mzima yule. "Fundi, hatutaki kufika huko. Tia sahihi ile ya kiwanda, na hii Kombo ataifuta. Mtu hupewa njia mbili mara moja tu."

Nikaitazama kalamu. Nikaiweka chini bila kutia sahihi, jina langu likabaki peke yake kitabuni. Nikaifungua karatasi ya Saada, nikaitandaza mezani mbele yao, nikaibana kwa kipande kimoja cha biskuti na kimoja cha kovu ili upepo usiichukue.

"Kauli yangu ndo hii. Ina majibu yote, someni."

"Unakwenda wapi?" Sheha akauliza. "Kikao hakijafungwa."

Nikavaa viatu mlangoni. Kombo akasema kitu nyuma yangu, nadhani kuhusu baiskeli, sikusikia vizuri na sikugeuka. Nikapita uwanjani kando ya fungu lile, nikashika njia ya nyumbani.

Ghalani mle sijaingia tena.